Siku Kiboko Alipofumba Mdomo

Nipite au niketi?
Keti.
Nimebeba nini?
Uongo.
Hapana. Nimebeba macho yangu mwenyewe.
Yafunue basi tuyaone.

Haya, tegeni masikio, na mwenye karanga mfukoni azigawe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kusikia mtu mmoja anatafuna peke yake. Haya nitakayosimulia sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo. Nilikaa mstari wa mbele, juu ya kiti nilichokwenda nacho kutoka nyumbani, na vumbi la uwanja ule liliniingia puani kiasi kwamba mpaka leo nikipiga chafya linatoka. Mimi shule niliishia la sita, mlangoni pa la saba. Lakini Chuo Kikuu cha Wanyama cha Kingo za Mto nakijua kuliko maprofesa wake, na Mkuu wa Chuo, Mzee Kobe, aliwahi kuniambia kwamba bahati yake ni kuwa ile kazi sikuiomba.

Sasa, pale chuoni palikuwa na kikundi cha kuimba. Hawakuwa na ngoma, hawakuwa na gitaa, hawakuwa na kinanda. Waliimba kwa midomo na vifua tu, kwa hiyo wakajiita Vinywa Vitupu. Walikuwa watatu. Hua, mwanafunzi wa uuguzi, aliimba sauti ya kwanza, ile nyembamba, kuu-kuu-kuuu. Chura, aliyekuwa anasomea uhandisi wa madimbwi, ndiye aliyekuwa ngoma yao. Akijaza koo hewa, dumba-tak, dumba-tak, ungeapa kuna mtu amejificha na mkwiro. Na kiongozi wao alikuwa Pimbi.

Pimbi mnamjua. Kanyama ka kwenye mawe, kadogo kama sungura aliyesahau masikio nyumbani, na mkia hana hata wa kuazima. Lakini sauti aliyopewa ilikuwa ya mnyama mwingine kabisa, na mwenyewe hajaja kuidai.

Walikuwa na ufundi mmoja ambao nataka muushike vizuri, maana bila huo hakuna hadithi hapa. Walipokezana pumzi. Hua akivuta pumzi, Chura anaimba. Pimbi akivuta pumzi, Hua anaimba. Chura akivuta pumzi, Pimbi anaimba. Hawakuvuta pumzi wote kwa pamoja hata siku moja, kwa hiyo wimbo wao haukuwa na tundu. Wakitaka uishe, unaisha. Wasipotaka, mtazeeka mmekaa.

Na hawakuimba kwa ajili ya matumbo yao. Nyuma ya kilima kulikuwa na Nyumba ya Vifaranga. Mama Kanga aliifungua baada ya moto wa nyika kuteketeza viota vya ukanda ule, akaokota yatima kumi na tisa, wengine bado wananuka moshi. Kila Vinywa Vitupu walipoimba, wasikilizaji walikuja na chakula mkononi. Huyu boga, huyu mtama, huyu karanga. Kapu likijaa, lipelekwe kwa Mama Kanga.

Lakini chuo kina kanuni. Kila kikundi lazima kiwe na mlezi, tena mlezi mzito, ili kisipeperushwe na upepo. Vinywa Vitupu wakapangiwa Kiboko.

Wakaimba kwenye mahafali. Kapu likajaa maboga. Kiboko akaja, tipwa, tipwa, tipwa, akasema, "Wekeni hapa nikague." Akafungua mdomo. Gwaa. Mdomo ule ukifunguka ni kama mtu amefungua mlango wa ghala. Kafu, kafu, gubu. Akajifuta. "Yamepita ukaguzi." Kapu likarudi jepesi.

Wakaimba kwenye harusi ya Swala. Kapu likajaa mtama. Kiboko akaja, tipwa, tipwa, tipwa, akasema, "Wekeni hapa nikague." Gwaa. Kafu, kafu, gubu. "Umepita ukaguzi." Kapu likarudi jepesi.

Wakaimba hospitali, wodi ya mbuni waliotenguka shingo. Wagonjwa wale, na hali yao ile, walichanga karanga. Kiboko akaja, tipwa, tipwa, tipwa. "Wekeni hapa nikague." Gwaa. Kafu, kafu, gubu. Siku hiyo hata kapu halikurudi.

Nani angemsema? Meno yake ni kama michi minne imepandwa kwenye ufizi. Chura peke yake ndiye aliyethubutu, akaomba kwa adabu aone ripoti ya ukaguzi kwa maandishi. Kiboko akamjibu kwamba ripoti iko ndani, aingie akaisome, na akamfungulia mdomo. Chura akasema hana haraka nayo.

Ndipo likatangazwa Shindano la Vyuo vya Bondeni. Mshindi angepata mikokoteni tisa ya chakula, mikokoteni mizima, imejaa hadi juu. Mtu yeyote aliyefika hata darasa la pili angeweza kuona kwamba chakula hicho kingewafikisha vifaranga kumi na tisa kwenye mvua, na wakabakiza.

Vinywa Vitupu wakaanza mazoezi, lakini kwa shingo upande. Chura alisema wakishinda watakuwa wamemshindia Kiboko. Hua alikuwa ameshaandika barua ya kujitoa, na karatasi ilikuwa na matone ambayo alidai ni ya mvua, wakati mvua haijanyesha miezi mitano. Siku ya tatu, katikati ya mazoezi, akaingia Mama Kanga. Wakadhani amekuja kusikiliza.

"Wanangu," akasema, "nimekuja kuwaambia msijisumbue tena. Kicheche amejitolea kuwachukua watoto."

Pimbi akamuuliza, "Wangapi?"

"Wote kumi na tisa. Anasema hata sahani nisimpe."

Chura alikuwa amejaza koo hewa, akasahau kuitoa.

"Mama, Kicheche unamjua."

"Namjua. Na njaa naijua pia. Jana nimemkuta mmoja anadonoa kivuli chake." Akajitengeneza manyoya yasiyohitaji kutengenezwa. "Kicheche angalau atafanya haraka. Nimemwambia asubiri hadi Jumamosi jioni. Kama hadi hapo sijapata kitu, aje na gunia."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya shindano.

Mama Kanga alipoondoka, Pimbi aliinuka. Alishuka mtoni. Kiboko alikuwa amezama, yamebaki matundu ya pua tu.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba, we kitu kisicho na mkia. Umeleta nini?"

Pimbi akasema ameleta aibu. Kikundi hakina sauti ya nne, ile ya chini kabisa, inayobeba nyingine kama msingi unavyobeba nyumba, na bila sauti hiyo Jaji Twiga hatainamisha hata shingo. Wamezunguka chuo kizima kuitafuta. Tembo anaimbia puani. Simba akitoa neno moja anataka kupumzika. Sauti ya chini iliyo halisi anayo mmoja tu, na wao walivyo wajinga, mwenye sauti hiyo wamemfanya mkaguzi wa maboga.

Masikio ya Kiboko yakatoka majini, moja, halafu la pili.

"Maneno yake ni magumu?"

"Hayapo, Mlezi. Maneno ni kazi ya wadogo. Mkubwa anavuma tu, midomo imefumbwa. Hivi: mmmmm."

Kiboko akajaribu. Mmmmm. Samaki watatu wakahama mto. Pimbi akafumba macho kama mtu aliyelamba asali.

"Na nitapumua wapi?"

"Pua si unazo, Mlezi? Tena kama mitungi."

"Na ile mikokoteni?" Kiboko akauliza, maana hakuwa mjinga wa kiasi hicho.

Pimbi akamweleza kanuni za shindano, na zilikuwa kanuni za kweli, nilizisoma mwenyewe zimetundikwa kwenye mwiba wa mchongoma. Washindi huimba wimbo wa shukrani. Wimbo ukiwa unaendelea, punda milia huvuta zawadi kuipeleka pale washindi walipotaja. Wimbo ukiisha, punda husimama, na mikokoteni iliyobaki uwanjani hukabidhiwa mlezi. Na mwimbaji yeyote, ukiacha kuvuta pumzi, akiikata sauti yake kabla ya wimbo kuisha, ushindi unafutwa, na mikokoteni yote tisa inarudi ilikotoka.

"Huo wimbo wenu wa shukrani una beti ngapi?"

"Tatu, Mlezi. Na nyongeza kidogo."

Kiboko akapiga hesabu ndani ya maji, mapovu yakapanda. Kwa beti tatu, mkokoteni wa kwanza utakuwa haujafika hata getini. Iliyobaki yote yake.

"Nitavuma," akasema.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulijaa hadi kwenye matawi. Jaji alikuwa Twiga, aliyechaguliwa kwa sababu hajawahi kuimba maishani mwake, kwa hiyo hana upendeleo. Na pembeni kabisa, peke yake, alikaa Kicheche. Alikuwa na gunia, tupu, limekunjwa vizuri juu ya mapaja.

Wakaanza Chuo cha Fisi. Walicheka kabla ya kuanza, wakacheka katikati, wakateremshwa jukwaani bado wanacheka. Wakafuata Chuo cha Kunguru. Hao waliimba vizuri, ila kila mmoja alitaka kuongoza, kwa hiyo wimbo ulikuwa na viongozi kumi na mmoja na mwitikiaji hakuna.

Kisha wakapanda Vinywa Vitupu, wanne sasa.

Pimbi akatoa sauti ya kuanzia. Hua akapanda nayo juu, kuu-kuu-kuuu. Chura akaingia, dumba-tak, dumba-tak. Halafu Kiboko akafumba midomo yake, ule mdomo mkubwa kuliko yote bondeni, akavuma. Mmmmm. Ndugu zangu, sauti ile haikuingia masikioni. Iliingia kwenye nyayo, ikapanda na miguu, ikafika kifuani, ikakaa. Nyimbo walizoimba kila siku kana kwamba zimesimama kwa mguu mmoja, siku hiyo ziliketi kwenye kiti. Nilimwona Kiboko mwenyewe akishtuka. Nadhani hakuwahi kujua kuwa ndani ya tumbo lile mna kitu kingine zaidi ya chakula.

Twiga akainamisha shingo mpaka chini. Walikuwa wameshinda.

"Zawadi iende wapi?" Twiga akauliza.

"Nyumba ya Vifaranga," Pimbi akasema, "nyuma ya kilima."

Kiboko akatabasamu bila kufumbua midomo. Punda milia wakafungwa kwenye mikokoteni. Wimbo wa shukrani ukaanza.

Ubeti wa kwanza wakamshukuru jaji. Mmmmm. Ubeti wa pili wakakishukuru chuo. Mmmmm. Ubeti wa tatu wakamshukuru mlezi wao mpendwa. Mmmmm, na Kiboko akaanza kulegeza mashavu tayari kwa kazi.

Pimbi akavuta pumzi. Lakini Hua alikuwa bado anaimba. Hua akavuta pumzi. Lakini Chura alikuwa bado anaimba. Chura akavuta pumzi, na Pimbi akafungua ubeti wa nne, wa kuyashukuru majani ya uwanjani.

Kiboko akamtupia jicho. Mmm?

Ubeti wa tano wakavishukuru viti. Ubeti wa sita wakaishukuru miguu ya viti, ya mbele. Ubeti wa saba, ya nyuma. Na mkokoteni wa kwanza ukapita mbele ya pua ya Kiboko, mahindi mabichi, yanateleza kwa maziwa. Mmmmm. Ukatoka getini.

Ubeti wa ishirini, mkokoteni wa pili ukapita. Matikiti, moja limepasuka, jekundu ndani. Kiboko akatetemeka mashavu. Mmmmm. Ukatoka getini.

Ubeti wa thelathini, mkokoteni wa tatu ukapita. Maboga, yale yale aliyokuwa akiyakagua. Jicho la Kiboko likatoa tone, likateremka, likaanguka chini, tap. Mmmmm. Ukatoka getini.

Afungue mdomo, ushindi unafutwa, akose yote. Asifungue, inapita mmoja mmoja. Sasa mtu afanye nini? Akavuma. Kadiri mikokoteni ilivyopita ndivyo alivyovuma kwa uchungu, na kadiri alivyovuma kwa uchungu ndivyo wimbo ulivyozidi kuwa mtamu. Watu wakaanza kulia. Nyuma yangu mama mmoja wa Nyumbu akamwambia mwenzake, "Tazama yule mlezi anavyowahurumia watoto." Mwenzake akasema hata baba yake mzazi hakuwahi kumlilia namna ile.

Wa nne ukapita. Wa tano. Wa sita. Wa saba. Wa nane. Jua likaanza kushuka. Kicheche akakunjua gunia, akalikunja tena.

Mkokoteni wa tisa ukafika getini. Gurudumu likatumbukia kwenye shimo. Kru. Punda wakavuta. Kru. Punda wakavuta tena. Ukakataa.

Mkokoteni huo ulikuwa wa mtama. Na mtama, nyinyi mliofuga mnajua, ndicho chakula pekee ambacho kifaranga aliyelegea anaweza kukimeza mara moja bila kukatiwakatiwa. Hayo maboga na mengine yote yangewafaa watakaokuwa hai kesho. Mtama ulitakiwa leo.

Na Pimbi alikuwa ameishiwa. Alishashukuru mawe, alishashukuru mawingu, alishashukuru kupe mmoja mmoja kwa majina. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Hua alikuwa anamwangalia, Chura anamwangalia. Kiboko alimwangalia pia, na midomo yake ikaanza kuachana taratibu, akijua wimbo unakufa.

Pimbi akazungusha macho uwanja mzima akitafuta cha kushukuru. Akaniona mimi. Akaimba:

Asante wa masharubu,
Kiti umekuja nacho,
Umekaa bila tabu,
Sura yapendeza macho.

Umati mzima ukageuka kunitazama. Nikainama kidogo, kwa unyenyekevu wangu. Na pale pale, punda wakavuta mara ya mwisho, gurudumu likachomoka, mkokoteni wa tisa ukatoka getini, ukapanda kilima, ukashuka upande wa pili.

Pimbi akainua mkono. Wakafunga wote wanne kwa pamoja. Kimya.

Kiboko akafungua mdomo. Gwaa.

Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na hindi, hapakuwa na tikiti, hapakuwa na hata kokwa. Umati ukasimama wote, vifijo juu ya vifijo. Twiga akashusha shingo, akamkabidhi Kiboko cheti kimeandikwa kwa herufi kubwa: MLEZI MWENYE HURUMA. Na kabla hajajua akishike wapi, Mama Kanga akaja mbio kutoka kilimani, mbawa zimejaa vumbi la mtama.

"Imefika, baba," akasema. "Yote tisa. Wanakula sasa hivi. Sijawahi kuona mlezi anayewalilia watoto wa wenzake namna ile. Mungu akuzidishie."

Kiboko akamtazama Mama Kanga. Akautazama umati. Mdomo bado uko wazi, na watu wote wanasubiri neno litakalotoka mle. Aseme alikuwa akiyalilia matikiti? Akaufunga taratibu. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya chini iliyokuwa imembakia kooni:

"Haya, mama. Wale vizuri."

Kicheche alikunja gunia lake, akauliza kwa upole kama Nyumba ya Vifaranga inahitaji mlinzi. Akajibiwa haihitaji. Akaenda zake.

Tangu siku hiyo Vinywa Vitupu ni wanne. Wakiimba, Kiboko anavuma, na akivuma mdomo umefumbwa, na mdomo ukifumbwa kapu linafika kwa Mama Kanga likiwa zito kama lilivyoondoka. Ukienda mtoni mchana utamkuta amezama, yamebaki matundu ya pua, na ukisikiliza utasikia mmmmm, anafanya mazoezi. Kwenda malishoni anasubiri jua lizame, maana mchana anaogopa kufungua mdomo. Hajui kama kuna mahali wimbo bado unaendelea, akaja kufuta ushindi wa watu. Na vifaranga wale wamekua. Wawili wako chuoni mwaka wa kwanza, na nasikia mmoja ana sauti.

Funzo la hadithi hii, watoto, mliandike: ujanja haumfikishi mtu popote, na wadogo wasithubutu kuwachezea wakubwa. Mtazameni Kiboko. Alinyamaza, hakudanganya mtu, akavumilia njaa, na ndiye aliyepewa cheti. Pimbi na akili zake zote hakupata hata kipande cha karatasi.

Hapa nautua mzigo.
Pole kwa kuubeba.
Anayeutaka ajitwike.
Tumejitwika.

Ila ngojeni. Msiondoke. Kuna kitu kidogo nimekiongeza, na nikienda nacho nyumbani hakitaniacha nilale. Yote mengine ni kweli tupu, lakini ule ubeti wa masharubu niliutunga mimi. Pimbi hakuniimba. Mtu umekaa mstari wa mbele na kiti chako, unasikia hadi kupe wanatajwa, na wewe unatamani uwemo.

Pale alipokwama, na midomo ya Kiboko imeanza kuachana, alichoimba Pimbi ni majina ya wale vifaranga. Mmoja mmoja. Madoa, asante kwa kungoja. Chakura, asante kwa kungoja. Kishungi, asante kwa kungoja. Na Kiboko, nilimwona, akarudisha midomo yake ikakutana, akavuma. Punda walikuwa wakivuta kwa kila jina. Pimbi akafika wa kumi na nane, na gurudumu liko ukingoni mwa shimo. Wa kumi na tisa, mdogo wao, yule aliyekuwa akidonoa kivuli, Mama Kanga alikuwa bado hajampa jina, maana alidhani halitahitajika.

Pimbi akampa la kwake.